Tuliwauliza Waliolowa Tu

Dada yangu mpenzi,

Hapa tu wazima, ila shemeji yako na jino lake. Analalamika kama yeye ndiye wa kwanza duniani kuumwa. Nimeona niandike kwa karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na nyumba nzima.

Kazini tumemaliza kuwauliza wanafunzi na wahadhiri wa chuo wanatumia vifaa gani na wanahitaji nini. Mkuu wetu aliamuru maswali yote yajibiwe mtandaoni. Basi karibu kila aliyejibu akasema ana kompyuta yake na mtandao haumsumbui. Aisifuye mvua imemnyea. Sisi tuliwauliza waliolowa tu. Nikamwambia mkuu, "Mzee, asiye na mtandao angejibuje?" Akacheka. "Mama, kunyamaza nako ni jibu." Sasa chumba cha kompyuta pale maktaba kinafungwa.

Jana nilitumwa kubandika tangazo mlangoni. Mwanetu alikuwa ndani, kwenye foleni ya mashine chache zinazowaka. Nikamuuliza, ile kompyuta aliyonunuliwa na mama yake iko wapi? Akainama. "Mama mdogo, nakuomba, mama asijue." Nikamwahidi, kwa hiyo mimi sijakwambia kitu.

Amekonda, dada, na simu yake nayo sikuiona. Najua Jumapili atakupigia kukwambia masomo yanakwenda vizuri. Mwache amalize, kisha muulize kwa upole hiyo simu anayopigia ni ya nani.

Mdogo wako, ambaye gundi ya tangazo bado haijamtoka vidoleni.