Mguu wa Mama Usikandwe

Kwa Yaya Riziki, dada yangu mkubwa, Luberizi,

Salamu nyingi za upendo kutoka huku Lubumbashi. Hamjambo nyumbani? Mpunga unaendeleaje? Najua unashangaa kupokea kwenye simu foto ya barua hii badala ya sauti yangu. Kila nikipiga simu, Shangazi Vumilia anaikamata na kunieleza tena kwamba jirani alimtegea Mama dawa njiani, ndiyo maana mguu umevimba. Basi soma peke yako, tena soma leo.

Yaya, acha kumkanda Mama mguu. Najua tangu aanguke na kulazwa kitandani, wewe ndiye unayempashia maji kila asubuhi na kumkanda kwa siagi ya ng'ombe, naye anakusifu kwa majirani wote. Hata mimi nilijivunia mikono yetu. Sasa inanitisha.

Sikuwaambia, lakini mume wangu, Baba Neema, alivimba mguu vilevile baada ya homa iliyomlaza wiki mbili. Upande mmoja tu, tena wa moto. Nikamkanda kama Mama alivyotufundisha. Siku ya tatu akaanza kuhema kama mtu aliyepanda milima ya Bijombo mbio. Nikamkimbiza hospitali.

Walimpaka mafuta ya baridi pajani, wakapitisha kile chombo cha ekografi. Mashine yao inaonyesha damu ikitembea, nyekundu huku, buluu kule, na inasikika, shuu, shuu. Kwenye mguu mzima ilisikika vizuri. Kwenye ule mwingine tukasubiri. Kimya. Mshipa ulikuwa mweusi, na dokta alipoukandamiza haukubonyea.

"Damu imeganda hapa," akasema. "Nani alikandaka huu muguu?"

"Ni miye, dokta."

Hakunigombeza. Alisema kipande kimeshafika kwenye mapafu, na kwamba mguu wa namna hii ukikandwa, damu iliyoganda inaweza kukatika na kusafiri. Nikamuuliza kama ni mimi niliyeikata. Akasema labda ingekatika yenyewe, hakuna anayejua.

Sasa anachomwa sindano ili damu isiendelee kuganda. Anaongea, ila kwa kukatakata. Ninakaa kando yake na swali lile, na naona halitaniacha. Wewe usilichukue, Yaya.

Shangazi aombe, sala haimdhuru mtu. Lakini Mama apelekwe Uvira leo hii, kwa gari, si kwa pikipiki. Wakisema hawana mashine ya kuona mishipa, vukeni mpaka Bujumbura. Akianza kuhema au kifua kikimuuma, msingoje hata dakika moja. Mkubwa haamriwi na mdogo, najua. Leo nakuamuru.

Nisalimie shemeji, na kaka yetu Bahati, mwalimu. Yeye ndiye atafute gari. Shangazi naye msalimie, bila kumwonyesha barua.

Mama atalia, atauliza mbona leo humgusi. Mwambie ni mimi niliyekataza. Anikasirikie anavyotaka, mradi anikasirikie akiwa hai.

Mdogo wako,
Furaha