Sigara ya Kichefuchefu

Alhamisi, 25 Julai 1996

Tumerudi kutoka hospitali. Tulikwenda watu wanne kwa ajili ya mgonjwa mmoja – Cleopa mwenyewe, mimi mama yake, baba yake, Lupakisyo, kwa kuwa leo hana zamu stesheni, na mama mkwe kwa kuwa hakuna jambo la nyumba hii linalopita bila yeye. Kaenda na kofia yake nyekundu, ile aliyopewa bure sokoni na gari la matangazo ya sigara. Kwa daktari! Nilitamani ardhi inimeze.

Huyu Daktari Kasiani ni wa mambo ya akili, anatoka Morogoro kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Hana haraka. Kamwambia Cleopa achore nyumba. Cleopa kachora treni, kavunja penseli, kaingia chini ya meza, katokea upande wa pili, kamwuliza daktari kama ana mke. Miaka minane. Mwalimu wake anasema hajawahi kukaa dakika tano. Hilo ningelivumilia, mimi mwenyewe ni mwalimu na ninao wa namna hiyo darasa zima. Ila zile hofu zake – kulia kwamba ukuta unamsogelea, kujigonga kichwa – hizo siziwezi. Naumia.

Yakaja maswali. Alizaliwaje, alilia, alitembea lini. Halafu: Mama, ulipokuwa na mimba yake ulikunywa pombe? Hapana. Ulivuta sigara?

Kushoto kwangu mume wangu, ambaye hajui. Kulia kwangu mama mkwe, ambaye ndiye aliyenipa. Nikasema hapana. Daktari akaandika.

Mama mkwe hakukubali lipite hivihivi. Akauliza, kwa nini unauliza hayo mwanangu? Daktari akajibu kwa upole kwamba kuna watafiti wanaoona watoto wa akina mama waliovuta wakiwa wajawazito wanasumbuka zaidi akilini wakikua. Hakuna mwenye hakika bado. Wengine wanasema chanzo ni mambo mengine ya nyumbani. Kwa hiyo anamwuliza kila mama.

Njia nzima nilitazama miguu yangu. Lupakisyo alidhani nimechoka, akaninunulia muwa.

Ijumaa, 26 Julai

Mama mkwe kanifuata jikoni, kakaa kuchambua mchicha. Kanisifu. Eti nilijibu vizuri, kwa sababu ile haikuwa sigara, ilikuwa dawa. Dawa gani inauzwa pamoja na viberiti?

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. 1987. Mwezi wa pili wa mimba, hakuna chakula kinachokaa tumboni. Mimi binti wa kutoka Mamboya, mjukuu wa katekista, kwetu mwanamke na sigara havikutajwa katika sentensi moja. Mama mkwe akawasha, akaigeuza, akatia upande wa moto mdomoni, kama wanavyovuta wanawake wa umri wake. Akasema fanya hivi, mkwe wangu, utashukuru. Siku ya kwanza niliungua ulimi. Siku ya tatu nikala ugali sahani nzima.

Kichefuchefu kiliisha mwezi wa nne. Sigara niliendelea nayo mpaka wa tisa, na baada ya hapo pia. Sehemu hiyo mama mkwe hakuniagiza. Niliacha Cleopa alipoanza kutambaa – nilimkuta anatafuna kipisi changu.

Jumapili, 4 Agosti

Cleopa kamaliza wiki nzima bila kupigana. Nikamsifu mbele ya watu baada ya ibada. Kafurahi sana, kampiga mtoto wa mzee wa kanisa.

Jumamosi, 17 Agosti

Wifi yangu Tumwagile kashuka kwenye basi la Mikumi, kakonda. Mimba ya kwanza, miezi mitatu. Mumewe ni fundi wa malori pale barabara kuu, na wifi anasema harufu ya dizeli inamtoa utumbo. Kaja kwa mama yake apumzike. Kanipa shikamoo, kabla sijaitikia kakimbilia nyuma ya nyumba kutapika.

Mama mkwe hajatulia. Kamletea ndimu, kamletea udongo wa kutafuna, kamletea uji. Vyote vimerudi. Jioni nikamwona anapapasa pindo la kanga yake, pale anapofunga vitu vyake. Najua kilichomo.

Jumanne, 20 Agosti

Nilimkuta Tumwagile peke yake bombani. Nikasema moyoni, sasa. Nikafungua mdomo – nikamweleza habari za mitumba mipya ya sokoni. Kwa kirefu. Mpaka rangi.

Darasani leo nimefundisha madhara ya tumbaku. Nusu ubao, mwandiko mzuri, wanafunzi wamenakili wote. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 23 Agosti

Cleopa hajalala vizuri siku tatu. Leo asubuhi kanishika kanga, kaniuliza: Mama, kichwa changu kiliharibikia wapi? Kauliza tu, kama anavyouliza mpira uko wapi. Nikamwambia kichwa chake kizima. Kanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaodai daftari limeliwa na mbuzi.

Jumapili, 25 Agosti

Nimefanya. Niandike kabla sijajuta.

Tulikuwa uani baada ya chakula cha mchana. Tumwagile katapika chote, kakaa chini anatetemeka. Mama mkwe akamwambia: Mwanangu, basi, ngoja nikupe kilichomsaidia wifi yako. Akawasha. Akaigeuza moto ndani, akavuta mara moja kuikoleza, akampa. Tumwagile akanyoosha mkono.

Nikainyakua. Nikaitosa kwenye ndoo ya maji ya kunywa, yaliyochotwa saa hiyohiyo. Hata Cleopa alisimama wima – pengine dakika tano kamili, laiti mwalimu wake angekuwepo.

Nikamwambia Tumwagile kila kitu. Kwamba nilivuta mimba nzima. Kwamba daktari aliniuliza nikamdanganya, na karatasi yake ina uongo wangu mpaka leo. Kwamba sijui kama ndicho kilichomfanya Cleopa awe hivi, na daktari hajui, na pengine sitajua mpaka nakufa, lakini kila akilia nahesabu zile sigara. Sitaki na yeye aje ahesabu. Nililia. Tumwagile akauliza, kwa hiyo hicho kichefuchefu nikifanyeje, wifi? Nikasema kesho nakupeleka kwa wakunga, wana vidonge. Akasema haya, ila sogeza ndoo, anataka kutapika tena.

Lupakisyo alikuwa mlangoni, kasikia yote. Baadaye kaniambia: Na mimi miaka yote ile nikajua ni moshi wa stesheni umenishika nguoni. Nikamwomba radhi. Akasema Alhamisi nimwambie daktari mwenyewe, yeye atakaa kando yangu.

Mama mkwe nilimwambia: Mama, sikulaumu, mkono uliokuwa unawasha baada ya mwezi wa nne ni wangu. Kaingia chumbani. Hajala usiku huu. Mama mkwe, ambaye hata alipokuwa na malaria alidai nyama!

Jumatatu, 26 Agosti

Asubuhi kabla ya kengele ya shule. Nilikuwa nawasha mkaa. Mama mkwe katoka, kasimama nyuma yangu, kasema bila salamu: Mimba ya Bonifas ilikuwa mbaya kuliko zote.

Bonifas ni mdogo wake Lupakisyo. Tangu ujana anazungumza na watu ambao mtu mwingine hawaoni, na sasa anatunzwa na shangazi yao kule kijiji cha Ulaya. Humu ndani jina lake halitajwi. Ninachojua nilisimuliwa na majirani: familia ilisema karogwa, na aliyesingiziwa uchawi ni mama mmoja wa nyumba ya jirani, Joha. Walimsema mpaka akahama hapa Kilosa.

Mama mkwe kaendelea: Nilivuta pakiti kwa pakiti, Mama Cleopa. Na Joha ndiye aliyekuwa ananipikia uji.

Nikamwambia daktari mwenyewe alisema hana hakika. Kasema basi daktari na amwambie yeye, kwa mdomo wake, kwamba hana hakika.

Kisha kaoga. Kavaa gauni la Pasaka na viatu vya kanisani, kakaa kizingitini na mkoba mapajani. Nikamwambia Mama, kliniki ni Alhamisi, leo Jumatatu. Kasema anajua. Kengele imeshalia, nimechelewa, na siwezi kutoka bila kumruka – hataki kunyanyuka.