Vigelegele vya Mama Zaituni

Mujukuu wangu Furaha,

Siye huku Bunia tuko wazima, na dada yako amezaa mutoto mwanaume! Umeniuliza namna gani siye Wakatoliko wachache tuliishi katika kartie ya Waislamu. Sikia basi! Siku ya ndoa yangu, vita ilikuwa imetulia kidogo tu, na waimbaji wetu wakazuiliwa na askari njiani, kwenye bariere. Kanisa letu dogo lilikuwa kimya kabisa, nikaanza kulia. Mara Mama Zaituni, jirani yetu Muislamu, akaingia na wanawake wenzake.

«Mutoto wetu anaolewa kimya hivi? Hapana!»

Wakapiga vigelegele mpaka padri mwenyewe akacheka. Nilimufikia babu yako mbele ya altare nikicheza! Toka siku ile sikuhesabu tena siye tuko wangapi.

Koko yako,
Anjelina