Neno "Conserve" na Maji ya Paluku

Butembo, Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi.

Ninafundisha Kiingereza katika chumba kimoja cha parokia. Wanafunzi wangu ni wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Uganda. Leo tulikuwa na kitenzi kimoja: conserve. Wakacheka. Kwetu, kwa Kifaransa, conserve ni sardini ya mkebe! Nikaeleza kwamba kwa Kiingereza ni kuchunga kitu kisiishe, kukitumia kidogo kidogo: maji, msitu, hata nguvu za mwili. Nikaomba mfano.

Kavira akasimama. Anauza sabuni sokoni. Alikimbia kutoka Mabalako. Darasani huwa hasemi kitu.

"Mwalimu, miye niliconserve maji."

Akaanza kusimulia.

Huko Mabalako, waasi waliwakuta yeye na familia yake shambani wakivuna maharage. Jirani yao alikatwa shingo akiwa bado ameshika kikapu. Paluku, mume wa Kavira, alipigwa panga begani na tumboni, lakini akajikokota pamoja na mkewe na watoto hadi porini. Wakajificha huko, wauaji wakipita karibu kiasi cha kusikika wakicheka. Walikuwa na kibidoni kimoja tu, kidumu cha plastiki, cha maji.

Kavira aliwapimia watoto, Masika na wadogo zake, kwa kifuniko. Paluku alikuwa akiungua kwa homa, damu haikatiki, midomo imepasuka. Akaomba maji. Kavira alipomsogezea kifuniko, Paluku akamtazama mtoto wao mdogo, kisha akafunga meno.

"Akasema: 'Hapana, mama Masika. Miye niko nakwisha. Chunga maji ya batoto.'"

Hakufungua tena mdomo. Alikufa mchana huo, mkewe akiwa amemziba mtoto mdomo asilie.

Watoto wote walipona.

"Donc, basi, mwalimu," Kavira akaniuliza, "ile njo conserve? Ndiyo hiyo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nikageukia ubao nikaandika sentensi yake kwa Kiingereza: I conserved the water.

Akaisoma polepole, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana miye, mwalimu. Futa 'I', weka 'he'. Njo yeye alichunga."

Nikafuta kwa kiganja, nikaandika upya. Darasa zima likasoma kwa sauti, na sauti ya Kavira ilikuwa juu ya zote.

Kesho kuna kitenzi kingine. Je, nitathubutu kuomba mfano?