Mama Anasema Ana Kiu

Songea, mwezi 9 Mfungo Sita, 1326

Kwa mlumbu wangu Zena, binti wa mama yangu, mwenye ulimi mrefu kuliko njia ya Tunduru,

Assalaam alaikum. Hujambo, na watoto hawajambo, na goti lako la kushoto bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima. Meno yamebaki ya kutosha kucheka.

Baada ya salamu, ujue kwamba kaka yako sasa ni mtu mkubwa. Juzi nimekaa bomani na Bwana Shauri, yule Mdachi mwenye boma, kiti kwa kiti, nikamweleza jinsi nchi hii inavyotakiwa kutawaliwa, naye akaniitikia kwa kichwa.

Ngoja. Kiti kilikuwa kimoja na alikikalia yeye. Mimi nilisimama juani, kofia mkononi, na kichwa alikitikisa kwa sababu ya nzi. Nilikwenda kumwombea Daimu. Zena, kaa chini kwanza. Mwanao amefungwa.

Kisa ni hiki. Palikuwa na msimamizi wa barabara hapa, Mngoni wa misheni, jina lake Pankrasi. Mtu wa makelele, lakini si mbaya. Alimkuta Daimu sokoni na chumvi yake, akamkamata na kumpeleka kuchimba barabara ya serikali. Daimu akamwambia mbele ya watu, "Ipo siku nitakunywesha maji, wewe." Unajua vijana wetu wanavyosema: maana yake nitakutumbukiza mtoni, ukohoe. Pankrasi mwenyewe alicheka.

Basi asubuhi moja Pankrasi akakutwa amekufa kwenye kijito chini ya boma. Watu wakakumbuka yale maneno. Daimu akapelekwa mbele ya Bwana Shauri, na mkalimani wa boma, kijana mmoja wa Kingoni anaitwa Otto, akayatafsiri: alisema atamnywesha maji. Neno hakuongeza, wala hakupunguza. Lakini tangu vita vile vya dawa ya maji, Mdachi akisikia neno maji mkono unakwenda kwenye bunduki. Akauliza, "Maji yale?" Otto akainamisha kichwa, akasema, "Yale yale, Bwana."

Imekwisha. Wanasema atanyongwa njia zikikauka, akipita bwana mkubwa kutoka pwani.

Mimi ndiye mjomba. Kwa desturi yetu mtoto ni wangu kabla ya kuwa wa baba yake. Lakini akili zimeniishia, na wewe unajua hazikuwa nyingi. Niambie nifanye nini.

Mlumbu wako,
Chande


Tunduru, mwezi 26 Mfungo Sita

Kwa kaka yangu Chande,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima, watoto wazima, na goti langu uliache lilipo.

Barua yako ilipofika nililia hadi jua likazama. Asubuhi nikaacha, maana machozi hayakati kamba. Baba yake Daimu, Wadachi walimtwika risasi zao wakati wa vita, tukaambiwa atarudi mavuno. Mavuno yamepita na mengine yamepita. Nilinyamaza. Huyu wa pili hawampati, andika hivyo hata ukutani kwao.

Sasa nisikilize. Umekwenda kuuliza boma. Boma linajua nini? Nani alimwosha marehemu? Si Mdachi. Mtu ana mama, na kama mama yu hai ndiye aliyemshika mwanawe mara ya mwisho, na ameona asiyoyaona mwingine. Nenda kwake. Usiende kama mjomba wa mfungwa, atakutoa kwa mchi. Nenda kama mtani. Babu zetu walipigana na Wangoni, ndiyo maana leo tunataniana, na Myao kwenye msiba wa Mngoni hafukuzwi hata akiiba kuku. Ukifika, funga mdomo. Najua ni jambo ambalo hujalifanya tangu uzaliwe, lakini jaribu.

Mama yule anataka muuaji wa mwanawe. Mimi namtaka wangu. Sisi wawili hatugombani, mwambie hivyo.

Na "msimamizi" umeiandika kwa shini, ikawa "mshimamizi". Mwalimu alisema kweli siku ulipotoroka chuoni.

Mlumbu wako,
mama Daimu


Songea, mwezi 15 Mfungo Saba

Kwa mlumbu wangu Zena, mwalimu wa herufi,

Salamu kama mchanga wa Ruvuma. Daimu hajambo, kakonda, lakini jana aliniomba tumbaku, na mtu anayetaka tumbaku hajakata tamaa.

Nilikwenda. Kabla ya kusema pole nilimkamata kuku, ili watu wajue mtani amefika. Mama wa marehemu, Kunegunda, alikuwa ameketi mlangoni na shanga zake za Maria. Akanitazama. Akasema, "Myao, huyo mgonjwa. Chukua yule mwekundu."

Nikajua nimekubaliwa. Nikafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko barabara ya serikali.

Kwake nilikuta wanawake wawili: Lidwina, anayepika pombe ya ulezi, ile wanayoiita ugimbi, na jirani yangu Mwamvua wa vitumbua. Wote wana watoto wa kiume, na wote hawalali. Nikawapa maneno yako. Kunegunda akasema, "Mfungwa huyo ana mama mwenye akili. Mjomba sijui."

Ndipo akanieleza. Yeye ndiye aliyemkuta mwanawe, alfajiri, alipokwenda kuteka maji. Alikuwa amefungwa mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe cha shingoni, fundo nyuma. Mama akaona: mwanangu hachukuliwi nyumbani amefungwa kama mbuzi wa sokoni. Akakivua kitambaa, fundo limo, akakificha, ndipo akapiga yowe. Walipofika watu hawakuona kitu. Wanaojua ni hao watatu waliomwosha, na sasa mimi, baada ya kuapishwa kwa Mungu wetu na Mungu wao.

"Nani angemfunga mdomo?" nikauliza.

"Aliyeuogopa," akasema Lidwina. "Ulikuwa mpana."

Pankrasi alikuwa akilewa kwa Lidwina anamtania Otto. Anamwambia, "Mkalimani, tafsiri hili: Maposeni, kwenye mstari wa dawa, nani alisimama mbele yangu?" Maana Otto aliyanywa maji ya vita kama wengine. Kisha upepo ulipogeuka akakata nywele, akavaa suruali, akawa anawaonyesha askari nani alikunywa. Mume wa Kunegunda alionyeshwa hivyo hivyo, akatundikwa.

Nikasema, basi twende bomani tukamshtaki. Mwamvua akanitazama kama kitumbua kilichoungua. "Nani atatafsiri?"

Zena, hapo ndipo penye mwiba. Bwana Shauri hasikii Kingoni, na Kiswahili chake ni cha kuagiza mayai. Ukimshtaki Otto, maneno yanapita kinywani mwa Otto.

Basi akina mama wamepanga lao. Siku ya kuondoa matanga mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, na watu humsahihisha anapokosea. Wewe wajua, hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Akida atakuja, mtu wa pwani, naye haendi popote bila Otto wa kumtafsiria. Mtani ni mimi. Kunegunda ameniambia nitakosea wapi.

Naogopa, dada. Barua hii anaibeba mtu wa Mwamvua, nyingine usimpe tarishi wa boma.

Mlumbu wako,
Chande


Tunduru, mwezi 21 Mfungo Nane

Kaka,

Salamu. Mwezi umeandama, hakuna barua. Mwezi wenyewe unakaribia kwisha.

Wachukuzi wa chumvi wamepita hapa wanasema wanawake wa Songea wamemfunga kamba mtu wa boma, na kwamba kuna mtu amepigwa langoni. Nani, hawajui. Yu hai au amekufa, hawajui. Wanajua kula tu.

Njia zimekauka. Niandikie neno moja. Hata kwa shini.

Zena


Songea, mwezi 11 Mfungo Tisa

Kwa mlumbu wangu Zena,

Salamu hazina kazi leo, maana aliyekupa barua hii ni Daimu mwenyewe, na nina hakika umeiacha chini ukamshika yeye, kuku wakaikanyaga. Sasa umeiokota. Mwache ale, mimi nikusimulie, maana yeye alikuwa ndani na hakuona kitu.

Nilivaa koti la Pankrasi, lile la usimamizi lenye vifungo. Nikapepesuka uwanjani, nikawaamrisha kuku wachimbe barabara. Watu walikufa kwa kicheko, hata Kunegunda. Kila nikikosea wananikosoa. "Sivyo, mtani, alichechemea mguu wa kulia." "Sivyo, aliimba vibaya kuliko hapo." Akida kwenye kigoda, Otto kando yake anatafsiri. Nawe ungemwona huyo kijana, Zena: kazi yake ni kunyoosha maneno mchana kutwa, akiona lililopinda hawezi kulipita.

Nikafika kijitoni. Yaani kwenye beseni la Lidwina. Nikajitupa kifudifudi, nikalia kama ndama, kwa Kingoni, "Mawu, mawu, mama yangu, nauawa," hadi mbwa wakaitikia. Hakuna wa kunikosoa, nani alikuwako? Lakini ugimbi ulikuwa umempanda Otto, na neno lilikuwa limepinda. Akamwambia akida, kwa Kiswahili safi kabisa, "Mzee huyu hovyo. Mtu aliyefungwa mdomo atapigaje kelele?"

Kunegunda akainuka polepole. "Otto, mwanangu, nani kakwambia alifungwa mdomo?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

Otto akawatazama watu. Watu wakamtazama yeye. Kunegunda akakitoa kitambaa, fundo bado limo. "Nilikivua kabla hajaja mtu. Wanaojua ni sisi tuliomwosha, na Myao huyu niliyemwapisha, na aliyelifunga fundo."

Otto akageuka aende zake. Ndipo Mwamvua, ambaye naye ni Myao, akamtupia kamba ya mgomba. "Mtani, umeshakasirika. Umefungwa mpaka ndugu zako wakukomboe." Ndiyo desturi, nani wa kuipinga? Askari wa akida walicheka mpaka mmoja akamshikia Lidwina fundo. Tulimbeba juu juu tukiimba, na kicheko kilipowaishia wale askari tulikuwa tumefika langoni pa boma.

Bwana Shauri akatoka, akamwita mkalimani wake.

"Yupo hapa," akasema Mwamvua. "Ana kitumbua mdomoni."

Akida ni mwoga, lakini maneno aliambiwa yeye, sikioni mwake, na nyuma yake walikuwa wanawake wa mji mzima. Akasema alichosikia, kwa maneno mafupi, Kiswahili cha kuagiza mayai. Bwana akawaka, akasema turudi makwetu, atachunguza, la sivyo atapiga risasi. Kunegunda akasogea mbele. Akasema kwa Kingoni, nami nikatafsiri kwa Kiswahili hicho hicho cha mayai, maana hakubaki mwingine: "Mume wangu mlimtundika, nikanyamaza. Mwanangu mnataka kumzika kwa uongo. Mtoto wa mwenzangu mmemfunga kwa kosa la mtu wenu. Sirudi nyumbani."

Kisha akaongeza, taratibu, akimtazama usoni: "Na maji yale hata mimi niliyanywa. Kunywa si kosa. Kosa ni kunywa, halafu ukawataja wenzako."

Bwana akaniuliza, "Anasema nini?"

Zena, nimesema uongo mwingi maishani, mwingine bila faida. Huu nausimamia.

"Mama anasema ana kiu," nikamwambia.

Akaagiza maji. Askari akaleta kwenye gilasi, lile la mezani kwa Bwana. Kunegunda akalipokea kwa mikono miwili, akayanywa polepole mpaka tone la mwisho, hakumwondolea macho. Wote waliosikia Kingoni walijua anakunywa maji gani. Kisha akarudisha gilasi, akaketi chini. Lidwina akaketi. Mwamvua akaketi. Wakaketi wote, na wake za askari wakatoka ndani wakaketi nao. Mji mzima hapakuwa na aliyetwanga wala kupika. Bunduki ziko pale, lakini askari mwenye njaa anamwona mkewe kwenye shabaha, atafanyaje? Hawakuinuka mpaka Otto alipokiri, na hata hapo hawakuinuka mpaka Daimu alipotoka mlangoni. Hakuombwa samahani. Labda neno hilo Kidachi hakina.

Otto kapelekwa pwani kwa mnyororo. Mama yake amekuja kulia kwa Kunegunda, na Kunegunda amempa kigoda, wamekaa. Hilo sikulielewa, nikauliza. Mwamvua akasema, "Wewe si mama."

Sasa kimya changu. Mdachi hawezi kushindwa na wanawake bila kumpiga mwanamume. Akatafuta kosa, akaliona: nimevaa koti la serikali bila ruhusa. Nikapewa hamsa ishirini, ishirini na tano kamili, kwa kiboko. Nimeshinda kifudifudi karibu mwezi, Daimu akiniuguza, na mtu hawezi kuandika barua huku kidevu kiko mchangani, hasa mtu asiyemaliza chuo. Hii naiandika nimesimama, karatasi juu ya pipa.

Wanawake hapa wameniletea mafuta ya nyonyo, na kila anayeleta anataka kuona. Sikatai.

Mwanao umempata, kwa hiyo na mimi nakudai kidogo. Nishonee mto wa kukalia, wa sufi, usitie pumba ukaniambia ni sufi. Ushone mpana. Yalipigwa yote mawili.

Mlumbu wako,
Chande