Ladislaus Kinunda: Wanafunzi Wako Watakuja Mpepai

Mwaka umetimia, mdogo wetu Ladislaus, tangu Bwana alipokuita, tarehe 9 Agosti 1998. Machozi bado yapo, lakini leo hatukuandikii kwa ajili ya kulia.

Ulikuwa mhadhiri wa biashara chuo kikuu, na kila likizo ulirudi kwetu Mpepai ukashika jembe kana kwamba hukuwahi kuondoka. Ulipenda maboga ya kuchemsha. Ulisali rozari ukitembea, kwa sauti, hata mbuzi walikuzoea.

Soko la kahawa lilipoachwa huria, wanunuzi walikuja kila mmoja na gari lake, wakimwambia kila mkulima bei tofauti. Ndipo ulipoanza kutuletea wanafunzi wako, wiki sita kila msimu, wakae nasi, wafanye kazi nasi, na kazi hiyo iwe somo lenye alama.

Kundi la kwanza lilikosea siku ileile. Tulikuwa kwenye sengu, ukoo mzima tukila pamoja na kusikilizana kama ilivyo desturi yetu. Wao wakasimama na makaratasi makubwa, wakaanza kufundisha. Baba mkubwa Bernadi akauliza, "Ladislaus, watoto hawa wanauhutubia ugali?"

Ulicheka sana. Ukawaambia, "Naweni, kaeni, kuleni. Mtaulizwa."

Siku ya nne waliulizwa tufanyeje na wanunuzi, na walikuwa wameshajua la kufanya. Kila alfajiri mmoja wao alikwenda Mbinga mjini kwa baiskeli kuuliza bei ya kahawa, akarudi kuiandika ubaoni, mlangoni pa kanisa.

Mnunuzi mmoja alitukejeli: "Hiyo ni bei ya padre. Ya dunia ninayo mimi."

Ukamjibu, "Basi kanunue kahawa ya dunia. Ya Mpepai itasubiri."

Alirudi wiki iliyofuata, akanunua kwa bei ya ubaoni.

Miezi miwili baada ya kukuzika, chuo kilituletea barua. Mafunzo yako yamefutwa; wanafunzi wa biashara watajifunzia maofisini. Baba mkubwa alisomewa mara mbili. "Wamefuta karatasi," akasema. "Njia ya Mpepai ataifuta nani?"

Hatukubali. Mimi dada yako Notburga, niliyeanza darasa la jioni uzeeni, ndiye ninayeandika ubaoni sasa. Namba zangu zimepinda, lakini zinasomeka, na kila ninaposhika chaki ninamwomba Mungu aushike mkono wangu.

Tumekiandikia chuo mara tatu. Kimya. Lakini mwanafunzi wako Glorious ametujibu: wanakuja saba, kwa nauli yao, bila alama yoyote. Mkeo Vitalia amewatandikia chumba chako cha vitabu.

Misa ya kukuombea ni Jumapili, tarehe 8 Agosti 1999, saa tatu asubuhi. Jumatatu kazi inaanza.

Unakumbukwa na mkeo Vitalia, wanao Clemence na Edina, baba mkubwa Bernadi, dada zako Notburga na Kunigunda, na wakulima wote wa Mpepai.

Pumzika, Ladislaus. Hatutakusahau, wala hatutakoma.