Barua Mbili na Kibunda cha Miraa

Ijumaa, Kangeta. Jua limetoka saa nane mchana, baada ya ukungu wa siku nne. Nguo zilizoanikwa tangu Jumanne ndiyo kwanza zinakauka, nami ndiyo kwanza napumua.

Leo nimekikataa chuo nilichokiota tangu kidato cha tatu.

Nimeiandika hivyo, sentensi moja, nione kama itaniuma. Imeniuma, lakini si pale nilipotarajia.

Nianze na barua. Zilikuja wiki moja, zote kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Ya kwanza ilitoka Nairobi, chuo cha usanifu wa majengo. Walinikubali, bila msaada wowote wa karo. Ya pili ilitoka chuo kimoja cha Embu. Hao wananipa ufadhili kamili, karo na chumba na vitabu, nikasome sayansi ya udongo. Wote wawili walitaka jibu kabla ya leo jioni.

Sijawahi kuota udongo. Niliota ngazi. Tulipokuwa kidato cha tatu mwalimu wetu wa fizikia alitupeleka kukitembelea kile chuo cha Nairobi, na katika chumba kimoja chenye meza zilizoinama nilimkuta msichana akikata ngazi ndogo kwa wembe, kipande kwa kipande, za nyumba ya karatasi ngumu. Aliniacha niishike. Ilikuwa nyepesi kama kipepeo na kila daraja lilikuwa sawa na mwenzake. Nilirudi shuleni nikaanza kuchora nyuma ya kila daftari nililokuwa nalo. Jiko la cucu, nyanya yangu, lilipojengwa upya, fundi alifuata mchoro wangu, na tundu la moshi liko pale nilipoliweka. Cucu hakohoi tena anapopika. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kama msanifu, na mpaka leo ndiyo ya mwisho.

Kwa hiyo barua ya Nairobi ilipoingia nililia, na nyumbani wote walijua ni kwa nini. Baba aliisoma mara mbili, akanirudishia simu na kusema, "Tutaona." Nilidhani ni lile "tutaona" la wazazi wote, lenye maana ya hapana. Sikumjua vizuri baba yangu.

Jumatano jioni nilitoka kusaga mahindi. Nilipofika langoni nikamwona Kaberia, mfanyabiashara wa miraa wa hapa sokoni, ameketi uani na Baba. Mwanawe mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni, viatu vinang'aa. Na mezani, kati yao, kibunda cha miraa kilichofungwa kwa majani mabichi ya mgomba, kimekazwa kamba vizuri, kimewekwa peke yake bila hata kikombe karibu.

Asiye wa kwetu hataelewa nilichokiona. Kwetu jambo kubwa haliombwi mikono mitupu. Na binti anapoombwa kwa baba yake, kinachotangulia ni kibunda cha miraa. Mimi nimemaliza shule, nina miaka kumi na tisa, na Kaberia amekuja na kijana wake.

Niliweka unga chini. Nikasema, kwa sauti ambayo majirani wa pande zote mbili waliisikia, "Baba, mimi si wa kuozwa! Kama ni karo imekushinda, sema imekushinda!"

Kijana wa Kaberia aliangalia viatu vyake. Baba alisema neno moja, "Ingia."

Nikaingia jikoni kwa cucu. Cucu ndiye mama yake Baba, na hakuna anachokificha. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Akuoe nani, wewe, na mdomo huo? Kaberia ana akili zake!"

"Cucu, nimekiona kibunda."

"Umekiona, hukukitazama. Cha kuposa kina ufungaji wake, na wanaokileta huja wazee, si mtu na mwanawe kama wanaokwenda kununua mbuzi. Na yule kijana ana mke na watoto wawili! Ehe, leo mkewe atalala na maswali." Akafuta machozi ya kicheko. Kisha uso ukabadilika. "Kile ni cha miti, mwari. Baba yako anakodisha mbaine. Pesa ni za masomo yako."

Nilikaa chini.

Mbaine ni miti yetu ya zamani ya miraa. Tuna kumi na mmoja, na aliyeipanda ni babu yake Baba. Miti yetu michanga ndiyo inayotulisha kila wiki, ndiyo iliyonisomesha, ingawa Mama ni wa kanisa linaloikemea miraa Jumapili na kuipokea kwenye sahani ya sadaka Jumapili hiyohiyo. Lakini mbaine ni kitu kingine. Baba huichuma mwenyewe, kwa utaratibu, akiacha machipukizi yanayopaswa kuachwa. Anayekodisha haachi kitu. Ana miaka yake michache na anataka kila kijiti. Jirani yetu wa juu alikodisha ya kwao, ikarudi kama mtu aliyetoka kuugua, na miwili haikurudi kabisa.

Na Baba, ambaye nimemsikia mara nyingi akimcheka jirani huyo kwa uzembe, alikuwa ameketi uani akifanya vilevile. Kwa ajili yangu. Nami nikamtukana mbele ya watu.

Sijui kama nimewahi kujionea aibu kiasi hicho. Wala sijui kama nimewahi kumwonea mtu fahari kiasi hicho. Vilikuja pamoja.

Cucu akanieleza yaliyobaki. Baba alikuwa amekipokea kibunda lakini hajakifungua. Akikifungua na kutafuna kijiti cha kwanza mbele ya mashahidi, amekubali. Akikirudisha na majani yake na kamba yake, amekataa, na hakuna ruhusa ya kumuuliza kwa nini. Ila miraa haingoji mtu. Siku ya tatu imenyauka, na kumrudishia mtu kibunda kilichonyauka ni kumtukana. Mashahidi walikuwa wanakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Yaani leo.

Na jambo moja zaidi, ambalo hakuhitaji kunieleza: mwanamke hana neno kwenye miti ya miraa. Hatuipandi, hatuichumi, hatuisemei. Ningeweza kulia, lakini sikuwa na haki ya kusema "usikodishe."

Alhamisi nilifua, nikapalilia maharagwe ambayo hayakuhitaji kupaliliwa. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu nisipokuwa mkweli hapa sitakuwa mkweli popote. Kuna saa nzima, mchana, niliyoamua kunyamaza. Niliwaza: yeye ni mtu mzima, miti ni yake, ameamua. Nikienda Nairobi nitakuwa nimemtii. Nilijiona tayari kwenye meza iliyoinama, wembe mkononi. Niliwaza pia jinsi jina la chuo lile litakavyosikika midomoni mwa watu wa hapa. Hilo la jina liliniuma kulikiri kuliko yote. Nusu ya ndoto yangu ilikuwa ngazi, na nusu ilikuwa watu kuniangalia.

Nilipoondoa ile nusu ya watu, iliyobaki ilikuwa bado ndoto, na bado nilikuwa naitaka. Ila niliweza kuibeba.

Leo alfajiri nilimfuata Baba shambani. Alikuwa anachuma ile michanga kwa ajili ya soko, ukungu umemfika kiunoni. Nilisimama ukingoni, pale wasichana tunaporuhusiwa kusimama. Tuliongea Kimeru, lakini nayaandika kama ninavyoyakumbuka.

"Baba, siendi Nairobi."

Hakugeuka. "Nani amekuuliza?"

"Barua iliandikwa kwangu. Mimi ndiye ninayejibu."

Mikono yake ilisimama. "Ni mama yako amekutuma? Au cucu?"

"Ni mimi."

Sasa akageuka. "Kendi. Unanionea huruma?"

Nilijua kwamba kila kitu kiko kwenye jibu hilo. Nikisema ndiyo, hata kwa macho, angekwenda moja kwa moja kukifungua kibunda.

"Hapana," nikamwambia. "Ya Nairobi ungeninunulia wewe. Ya Embu nimeipata mwenyewe. Ulinipeleka kwenye mahojiano, uliona ukumbi ulivyojaa watoto wa shule kubwakubwa. Wamechukua wachache, na mimi nimo. Nataka kwenda kwa hiki nilichokishinda."

"Na zile nyumba zako?"

Sikujua kwamba anajua habari za nyumba zangu. Sikujua kwamba amewahi kufungua daftari langu upande wa nyuma.

"Kalamu sijaitupa, Baba."

"Udongo," akasema, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. "Mimi nimeshika udongo miaka yote hii na hakuna aliyenipa hata cheti."

"Ndiyo maana wameniita mimi, nikuulize wewe."

Akacheka kidogo, kwa pua. Kisha akakumbuka kwamba amenikasirikia. "Jumatano ulinitia aibu."

"Najua. Nisamehe."

"Kaberia ameniuliza kama kwetu wasichana wote hubweka."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni huyu mmoja tu, na huyu ndiye anayesomeshwa."

Akarudi kwenye kazi yake. Hakusema ndiyo. Hatukuitaja mbaine hata mara moja, si mimi wala yeye, ingawa ilikuwa imesimama nyuma yake, kumi na mmoja, na ukungu ulikuwa unaitoka polepole. Yale niliyomwambia ni kweli. Si kweli yote. Nadhani anajua, na nadhani kuniachia hiyo sehemu nisiyoisema ndiyo heshima aliyonipa.

Saa tatu alioga, akavaa koti la kanisani, akakichukua kibunda kwa mikono miwili. Majani yalikuwa bado na kijani chake. Alipita mbele yetu bila kusema anakokwenda, mgongo umenyooka, mtu aliyekataa kitu kwa sababu hakihitaji. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka alipopotea kwenye kona. Saa nne hakuna shahidi aliyekuja.

Nami nikaenda saiba, lile duka la intaneti pale sokoni. Embu niliwajibu haraka, kwa furaha iliyonishangaza. Nairobi niliwaandikia sentensi tatu, na ya tatu niliifuta mara nne. Ilikuwa inaomba wanihifadhie nafasi siku nyingine. Mwishoni niliiacha nje. Mtu akikataa, akatae vizuri. Nimeona leo jinsi inavyofanywa.

Dada wa saiba akasoma juu ya bega langu, kama kawaida yake. "Unawakataa hao? Wewe? Watu wanatafuta!"

"Ninawakataa."

"Haya basi. Bonyeza mwenyewe, mkono wangu haumo."

Nikabonyeza.

Nilitembea kurudi nyumbani nikisubiri majuto, kama mtu aliyemeza dawa anavyosubiri usingizi. Yalikuja kidogo, karibu na duka la mbao, nilipoona fundi akipima ubao kwa macho. Nikasimama mpaka yapite. Sidhani kama ni mara ya mwisho. Kuna siku huko Embu, nikiwa na chupa za udongo mbele yangu, nitamkumbuka yule msichana na wembe wake na nitajiuliza. Acha nijiulize. Sitaki kuwa mtu asiyejiuliza.

Lakini hakuna mtu atakayekuja kuvuna kisichokuwa chake kwa sababu yangu, na mimi sitakaa katika chumba cha mbali nikihesabu vijiti. Nitakwenda nikiwa sina deni la moyo. Miaka kumi na tisa, na nimeamua jambo zito kuliko mimi, nikasimama wima hadi mwisho. Nina haki ya kujivunia hilo, hata kama ni kwenye ukurasa huu tu.

Mama ndiye aliyebaki. Kina mama wa kanisani walishatangaziwa Nairobi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewatangazia. Nilipomwambia nimeshajibu, alikunja nguo tatu. Kisha akauliza, "Sasa Jumapili nitawaambia nini?"

"Waambie Embu."

"Embu," akarudia, kwa sauti ya kupima. Akatoka nje kuanua zilizobaki.

Sasa hivi, ninapoandika, jirani amemsalimia kutoka upande wa pili wa ua na kumuuliza, kwa ile sauti ya mtu aliyesikia mambo ya Jumatano, binti anaolewa lini. Na Mama, ambaye huongea chini siku zote, amejibu kwa sauti ambayo nadhani hata soko limeisikia:

"Kendi? Anaenda Embu, chuo kikuu. Wamemwita wenyewe!"